Ujira na Sumu

Lugha yetu hutumia neno moja, dawa, kwa kitu kiponyacho na kwa kitu kiuacho. Twasema dawa ya homa, twasema na dawa ya wadudu. Kwa hiyo apuliziaye shamba hudhani anaiganga mimea tu, asikumbuke ya kuwa kimwuacho mdudu chaweza kumdhuru na mwanadamu.

Tutazame jinsi ilivyo. Dawa nyingi za wadudu ni za namna iitwayo oganofosfati. Mwilini mwetu kimo kitu kizimacho amri za mishipa ya fahamu zikiisha kufika mahali pake. Dawa hizo hukizuia, na amri hazikomi. Ndipo mtu hutokwa jasho na mate, machozi humtiririka, mboni za macho hupungua, misuli hutetemeka. Na sumu ikizidi, pumzi hukatika. Wala haiingii kwa kinywa tu. Hupita katika ngozi, hukaa katika nguo iliyolowa, ikamfikia hata mke aifuaye. Mdudu naye hufa kwa njia iyo hiyo.

Basi swali ni hili: mwenye shamba amemwajiri mtu kupuliza, na mtu amekubali ujira. Akiugua, je, mwenye shamba ana hatia? Wako wasemao, Hana, maana hakumlazimisha, walipatana. Neno hili si la kudharauliwa. Mtu mzima ana haki ya kuchagua kazi yake, hata yenye hatari, kama mvuvi aendavyo baharini.

Lakini mvuvi aijua bahari. Mpulizaji haioni sumu ipitayo ngozini, na maandishi ya chupa mara nyingi ni ya lugha asiyoijua. Mapatano si ya kweli kama mmoja ajua na wa pili hajui. Tena ajuaye, lakini watoto wake hawana chakula, hukubali kwa njaa kuliko kwa hiari.

Visiwa vya Martinique na Guadeloupe, vilivyo chini ya Ufaransa, vyatufundisha zaidi. Tangu mwaka 1972 migomba ya huko ilitiwa dawa iitwayo klodekoni, ili kuwaua fukusi. Mwaka 1974 wafanya kazi wa Martinique waligoma, na katika madai yao walitaka dawa za sumu ziondolewe. Mwaka 1975 kiwanda kilichoitengeneza klodekoni mjini Hopewell, Marekani, kikafungwa, kwa kuwa wafanya kazi wake walishikwa na tetemeko. Hata hivyo migomba iliendelea kutiwa. Ufaransa iliikataza dawa hiyo mwaka 1990, lakini visiwa vile vikapewa ruhusa hata 1993. Imo udongoni hata leo, na watu wazima zaidi ya 9 katika 10 wamekutwa nayo damuni. Mwaka 2021 Ufaransa ilikubali ya kuwa saratani ya tezi dume yaweza kuhesabiwa ugonjwa wa kazi kwa waliotumia dawa za mashambani. Lakini mwaka 2023 mahakimu wachunguzi wa Paris waliamua kutomshtaki mtu ye yote.

Hapo hoja ya ujira yaanguka kabisa. Mtoto alaye kiazi cha udongo ule hakupatana na mtu, wala hakupokea hata senti moja. Sheria yaweza kunyamaza kwa kuwa miaka imepita. Haki hainyamazi kwa kupita miaka.

Kwa hiyo nasema, ujira haununui mwili wa mtu. Mwenye shamba asimtume mwenziwe katika kazi ambayo asingemtuma mwanawe mwenyewe. Wazee walisema, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Na kama dawa haina budi, ampe nguo za kumfunika, na maji na sabuni ya kuoga akiisha kazi, watoto wasiikaribie, na chupa tupu isitiwe maji wala mafuta ya kupikia.

Na ninyi mjuao kusoma, wajibu wenu u wazi. Jirani asiyesoma akileta chupa nyumbani, msomeeni maandishi yake yote kabla hajaifungua. Ajuaye akanyamaza, naye ana sehemu katika madhara yake.