Mvua ya Masika na Ujira wa Kibarua

Kila mwaka ukaribiapo mwezi wa Machi, jamaa wengi wa milima ya Usambara huandaa vitalu vya kabichi na nyanya, hukopa mbegu na mbolea, kisha huinua macho juu. Mwaka mmoja masika huchelewa, miche ikazeeka kitaluni. Mwaka wa pili huja kwa kishindo na kuchukua matuta pamoja na mbolea ambayo haijalipiwa. Haya si manung’uniko ya wazee. Mwaka 2022 mvua za Machi hadi Mei zilikuwa haba mno katika sehemu kubwa ya Kenya na Somalia. Mwaka 2024 zilifurika, hata Waziri Mkuu wa Tanzania wakati huo, Kassim Majaliwa, akalieleza Bunge mwezi wa Aprili kwamba watu 155 walikuwa wamekwisha kufa.

Wasiwasi wa mkulima ni wa kale, na Kanisa halikuudharau. Katika karne ya tano Mt. Mamerto, Askofu wa Vienne katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, aliwaita waamini wafunge na kuandamana wakisali kwa siku tatu kabla ya sikukuu ya Kupaa Bwana. Ndiyo asili ya siku zile za maombi ambazo mapadre walizunguka mashamba wakiimba Litania ya Watakatifu. Kwao ni majira ya machipuko, kwetu ni masika. Tena katika sehemu za Ujerumani mtakatifu huyo huyo, ambaye kumbukumbu yake ni tarehe 11 Mei, huhesabiwa miongoni mwa “Watakatifu wa Barafu”. Mwenye bustani hatoi miche ya nyanya nje mpaka siku zao zipite, maana jalidi ya usiku mmoja yaweza kuiua yote. (Maskini watakatifu, kubebeshwa lawama ya baridi!) Basi watu wale walisali, na pia walingoja.

Vivyo hivyo nasi. Anayeomba mvua njema, naye amepanda mbegu zake zote siku moja, bila mfereji wala matandazo, anamjaribu Mungu. Na apande kwa zamu, kila baada ya majuma mawili. Asimike vigingi ili nyanya zisilale matopeni, ambako bakajani huzishika upesi. Tena asikilize Mamlaka ya Hali ya Hewa. Hayo mabwana shamba huyafundisha vizuri kuliko sisi.

Sisi tuna neno jingine. Udongo umeporomoka katika barabara ya kushuka Mombo, lori limelala njiani, matenga ya nyanya yameanza kuvuja. Mwenye bustani arudipo nyumbani na fedha kidogo, amlipa nani kwanza? Mara nyingi ni mwenye duka la dawa, kwa kuwa asipolipwa hatakopesha tena. Yule mama aliyechimba mifereji akinyeshewa huambiwa, “Mvua imetupiga sote, mama, ngoja kidogo.” Sote? Msimu uliopita, bei ilipopanda sokoni Dar es Salaam, je, aliongezewa ujira? Faida ilikuwa ya mmoja. Imekuwaje hasara iwe ya wawili?

Mt. Yakobo, katika sura ya tano ya Waraka wake, amsifu mkulima angojaye kwa saburi mvua ya kwanza na ya mwisho. Wengi huipenda aya hiyo ya 7. Lakini katika aya ya 4, sura ile ile, ujira waliodhulumiwa wavunaji walia, na kilio chao chamfikia Bwana wa majeshi. Si vema kuisoma moja na kuiruka nyingine.

Mtu atatujibu, “Padre, nikimlipa yeye, wanangu watakula nini?” Swali ni la haki, na twajua ziko hasara zisizoacha hata senti. Hata hivyo mwenye deni aweza kumwita kibarua siku ile ile, amwonyeshe hesabu, ampe sehemu, wapatane tarehe mbele ya shahidi. Kabichi atakayompa iandikwe kuwa malipo, isihesabiwe kuwa sadaka. Tena kabla ya kupanda atenge ujira kando, asiuguse kwa dawa wala kwa nauli. Zikimtosha kwa matuta sita tu, asilime kumi.

Wala hasara isitafute mlango mwingine, kama nyanya iliyonyunyiziwa dawa jana kuuzwa leo, ati isioze, kabla siku zilizoandikwa kwenye chupa hazijatimia. Mtoto wa mtu ataila. Nanyi wanunuzi mnaodai lumbesa wakati mkulima hana pa kuweka mali yake mvuani, mizani yenu nayo yaonekana mbinguni.

Tangu kalenda ya 1969 Maaskofu wa kila nchi wameachiwa kupanga siku za kuombea mashamba. Penye maparokia yanayofanya maandamano hayo wakati wa masika, twaomba Jumamosi inayotangulia itangazwe kanisani kuwa siku ya kulipa vibarua.