Vitamini ya Pera ni ya Nani?

Likizo iliyopita nilirudi Nakivale kutafuta mapera. Mwalimu wangu wa kemia mjini Mbarara alikuwa ameikubali mada ya mradi wangu: kutoa vitamini C katika matunda ya kwetu. Nyumbani Rubondo nilinunua kilo nane kwa mama jirani. Mwanawe, wa miaka sita hivi, aliyahesabu mapera kila nilipoyatia kwenye mfuko. "Kaka, yote hayo unaenda kula peke yako?" Nikamjibu siyali, naenda kuyapima. Akauliza tena, "Sasa nani atayakula?"

Sikuwa na jibu. Insha hii ni jaribio la kulitafuta.

Vitamini C ni antioksidanti, yaani hutangulia kushambuliwa na oksijeni ili vingine visalimike. Ndiyo maana kuitoa ni kazi ya haraka: unakamua, unachuja, unaikinga na moto, hewa na vyombo vya shaba. Kisha unaipima kwa ayodini na wanga; rangi ya buluu nyeusi ikibaki bila kufifia, vitamini imekwisha. Gramu 100 za pera huwa na takriban miligramu 200, karibu mara nne ya chungwa. Kilo zangu nane, hata nisipopoteza chochote, ni gramu 16 za unga. Hazijazi vijiko viwili vikubwa. Lakini miligramu 10 kwa siku zinatosha kumkinga mtu na kiseyeye, kwa hiyo ndani ya mfuko ule, kwa hesabu ya karatasi, kulikuwa na kinga ya siku moja kwa watu 1,600.

Msiseme kiseyeye ni ugonjwa wa mabaharia wa zamani. Mwaka 2017 na 2018 kilizuka katika kambi ya Kakuma, Kenya, na waliougua walikuwa hasa vijana wa kiume kutoka Sudan Kusini, wa rika langu. Miguu iliwauma, na kutafuna kuliwauma. Walikuwa wakila chakula cha mgao, bila matunda wala mboga za kutosha.

Kilichowaponya ni vitamini C, kwa hiyo siwezi kuulaumu mradi wangu kirahisi. Ila vidonge vya namna hiyo kwa kawaida havitoki kwenye mapera. Tangu Reichstein wa Uswisi alipoonyesha njia mwaka 1933, viwanda huanza na glukosi, na molekuli inayopatikana ni ileile. Szent-Györgyi wa Hungaria alikamua pilipili hoho kwa sababu wakati wake kitu chenyewe kilikuwa bado kigeni. Sisi hatuna udhuru huo. Anayenunua vitamini "ya asili" kwa bei ya juu ananunua neno, na mara nyingi ni mtu ambaye tayari ana matunda mezani.

Rafiki yangu, mzaliwa wa Isingiro, alinipinga vikali. Mama yule ameuza kwa hiari, alisema; mgao umepunguzwa mara kadhaa tangu 2020, na fedha ya mapera ndiyo posho na sabuni. Wewe mwenye ufadhili wa masomo ni nani hata umwambie asiuze? Na msimu ukifika, si mengine huoza chini ya mti?

Hoja hiyo ilininyima usingizi, na bado naiona nzito. Mama hana kosa. Lakini kuchagua kati ya unga na tunda la mtoto ni hiari nyembamba mno, na mnunuzi anayeijua hawezi kusema, "Nimelipa, yamekwisha." Kulipa kunaniondolea wizi tu. Swali la mtoto linabaki palepale: tunda lilitoka kwake, je, linaenda kwa anayelihitaji zaidi au anayelihitaji kidogo?

Nilibadili mada. Sasa napima kiasi cha vitamini kinachobaki katika pera lililokaushwa juani na lililokaushwa kivulini, ili yale ya msimu yasioze. Mwalimu alisema hakuna jipya hapo, na hakukosea. Hata matokeo hayafurahishi, kwani jua linaharibu sehemu kubwa.

Vipande nilivyokausha juu ya paa la bweni nilivirudisha Rubondo ndani ya bahasha. Mtoto alionja kimoja, akasema ni kigumu, akaomba kingine.