Sebule ya Kasri Lisilojengwa

Je, mwanadamu amkanapo Mungu, taadhima aliyokuwa akimtolea hufutika moyoni mwake, au huhama tu ikatafuta makao mengine? Ushahidi ulionikinaisha katika swali hili umesimama chini ya ardhi ya mji wa Moscow.

Tarehe 5 Disemba 1931, kwa amri ya dola iliyoipiga vita dini, kanisa kuu la Kristo Mwokozi, lililowekwa wakfu mwaka 1883 kuwa shukurani ya Warusi kwa kuokoka na majeshi ya Napoleon, lilibomolewa kwa baruti, ili mahali pake pasimamishwe Kasri la Masovieti, ambalo msanifu wake, Boris Iofan, alilikadiria kupita mita 400 kwenda juu, na kileleni mwake sanamu ya Lenin. Karibu na kiwanja hicho ikafunguliwa, tarehe 15 Mei 1935, stesheni ya treni iliyopewa jina la kasri hilo, iwe sebule ya umati utakaolizuru.

Alexey Dushkin, aliyeisanifu pamoja na Yakov Likhtenberg, hakutafuta kielelezo katika viwanda wala katika afisi za serikali. Alikitafuta katika mahekalu ya Misri ya kale. Nguzo zake zimejipanga safu mbili, zimevikwa marumaru, na kila moja, ikaribiapo dari, huchanua kwa umbo la nyota yenye pembe tano. Taa zimefichwa ndani ya mchanuo huo, hata nuru huipiga dari kwanza, kisha ikarudi chini kwa upole, na mtazamaji asione itokako. Nyota ile ni ya chama, lakini unyenyekevu umshikao mtu chini yake ni wa hekaluni.

Sisemi kwamba wajenzi wale walikuwa wanafiki. Naamini walikusudia kwa dhati kwamba mfanyakazi, ambaye pengine yeye na jamaa zake wote walilala katika chumba kimoja, apite kila asubuhi penye fahari iliyokuwa haki ya wafalme peke yao, na kusudi hilo nalistahi.

Kasri halikujengwa. Vita vilipoingia mwaka 1941, chuma chake kiling'olewa kwa ajili ya ulinzi, na mwaka 1960 msingi ukageuzwa hodhi la kuogelea. Stesheni nayo ilikwisha kupewa, mwaka 1957, jina la Kropotkin, mtu aliyezikataa dola zote. Kanisa likajengwa upya, likawekwa wakfu mwaka 2000, na waumini wake hushukia katika sebule ile ile.

Wala sebule haikupungukiwa na kitu kwa kukosa kasri. Nadhani sababu ni kwamba Dushkin, katika zama zilizopenda sanamu, hakuweka sanamu hata moja kati ya nguzo zake: taadhima aliialika, asiiamrishe imsujudie nani.