Subira Iliyowekwa Ndani ya Koltani

Ukitoka Kisangani kuelekea mashariki, barabara ya Bafwasende inapoingia ndani kabisa ya msitu, wapo watu wanaoosha mchanga vijitoni wakitafuta vijiwe vyeusi, vizito kuliko ukubwa wake. Hiyo ndiyo koltani. Ikifika kwa wanunuzi hupimwa, bei hubishaniwa, kisha huondoka nchini, na ndani yake hutolewa tantali, metali inayotunza umeme ndani ya simu zetu. Biashara hiyo tunaijua. Lakini ndani ya tantali Muumba ameweka jambo lisilo na bei sokoni, jambo ambalo limewafanya wanasayansi washuke chini sana ya ardhi kwenda kulitafuta.

Katika kila atomi 10,000 za tantali, moja hivi haifanani na wenzake. Wataalamu huiita tantali-180m. Kiini chake kimebaki na nishati ya ziada tangu kilipoumbwa. Kwa kawaida kiini chenye ziada kama hiyo huitoa upesi, mara nyingi kabla jicho halijapepesa, kisha hutulia. Hiki hakikuitoa. Na ajabu kubwa zaidi ni kwamba kiini hichohicho kikishatulia hakidumu: nusu ya viini vya namna hiyo hugeuka kuwa elementi nyingine kwa muda wa saa 8 hivi. Kile ambacho tungekidhania dhaifu ndicho kilichodumu. Katika maumbile yote hatujui kiini kingine kilichobeba nishati ya ziada ya namna hii tangu kabla ya dunia kuwapo mpaka leo.

Sababu imo katika sheria alizoziweka Mwenyezi Mungu. Viini vina mzunguko wa ndani unaopimika. Tantali-180m ina mzunguko wa kipimo cha 9, na ili itulie ni lazima ushuke mpaka 1. Mzunguko wa kuacha ni mwingi mno, na nishati ya kuufanyia kazi hiyo ni kidogo mno. Sheria hazikukataza badiliko hilo, ila zimelifanya kuwa adimu kupita kiasi. Inadhaniwa kwamba viini hivi viliundwa ndani ya nyota, pamoja na zile kubwa zilizolipuka kabla dunia yetu haijapata umbo miaka bilioni 4.5 iliyopita. Mchimbaji wa Bafwasende anayeinua jiwe lake kutoka kwenye maji ameinua kitu kilichokuwa kikisubiri kabla ya mto, kabla ya msitu, kabla ya nchi kavu.

Je, kitaachia lini? Kujibu swali hilo inabidi kunasa tukio lenyewe: miali michache ya gama, ambayo nishati yake imekwisha kukokotolewa. Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu, maana uumbaji hauko kimya hata kidogo. Udongo una urani na thori, na kutoka humo hufuka gesi ya radoni. Kutoka angani hushuka chembe ziitwazo muoni, na karibu kila dakika moja hupenya eneo lisilozidi ukucha wa kidole. Ndizi tunayoiponda kutengeneza lituma ina potasi, na sehemu ndogo ya potasi hiyo hutoa mionzi. Ndizi moja ya kawaida hutoa mara 15 hivi kwa kila sekunde. Mwili wa mtu mzima hutoa maelfu kwa sekunde, usiku na mchana, naye hana habari. Anayeitafuta tantali-180m juu ya ardhi ni kama mtu aliyesimama penye mitego ya samaki ya Wagenia, maporomoko yakinguruma, akitaka kusikia tone moja linalodondoka kutoka kwenye jani ng'ambo ya mto.

Kwa hiyo walishuka. Huko Mol, Ubelgiji, watafiti waliipima tantali ndani ya maabara iliyochimbwa mita 225 chini, katika udongo wa mfinyanzi. Wengine walikwenda mbali zaidi, mji wa Lead katika jimbo la South Dakota, Marekani, ndani ya mgodi wa zamani wa dhahabu uitwao Homestake. Ndimo mwanasayansi Raymond Davis alimohesabu chembe za jua ziitwazo nyutrino, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Karibu mita 1,500 za mwamba huzuia sehemu kubwa mno ya muoni.

Lakini mwamba wenyewe una mionzi, basi chombo cha kupimia kilizungushiwa kuta za risasi na shaba. Shaba, metali ambayo Wakongo tunaijua vizuri, ile iliyo karibu zaidi na vipimo iliyeyushwa na kujengwa upya kwa umeme, tabaka juu ya tabaka, kwa miezi mingi, nayo ilijengwa chini ya ardhi, kwa sababu ikikaa juu mionzi ya anga huzalisha kobalti ndani yake. Hewa yenye radoni ilisukumwa nje kwa naitrojeni. Watu walivaa mavazi ya usafi, na vipimo vya germani viliunganishwa ndani ya masanduku yaliyofungwa. Hata risasi ina uchafu wake wa mionzi, nao hupungua kwa nusu kila miaka 22. Ndiyo maana nchini Italia, mwaka 2010, maabara ya Gran Sasso ilipewa risasi ya meli ya Kirumi iliyozama karibu na Sardinia miaka 2,000 iliyopita, ili ikinge utafiti mwingine wa aina hii. Muda wenyewe ulikuwa umeisafisha.

Mwaka 2022 zaidi ya kilo 17 za tantali ziliingizwa katika chombo cha Homestake kiitwacho Majorana Demonstrator. Ndani ya kilo hizo, tantali-180m ilikuwa gramu 2 tu hivi. Mwaka 2023 majibu ya mwaka wa kwanza yalitangazwa: hakuna hata kiini kimoja kilichoonekana kikiachia. Kwa hesabu yao, muda wa nusu ya viini kubadilika ni zaidi ya mara milioni 20 ya umri wa ulimwengu wote. Gramu zile 2 haziwezi kutoa kwa siku nzima kile ambacho ndizi moja hutoa kwa sekunde chache.

Sisi wa Kisangani tunajua tamaa ya madini inavyoweza kupiga kelele. Juni 2000, majeshi ya nchi mbili jirani yalipigana siku 6 katika mitaa yetu, na watu waliokuwa majumbani mwao wakafa. Mwaka huohuo bei ya koltani ilipaa. Wakati binadamu walipokuwa wakikimbilia mali hiyo, ndani yake mlikuwa na kitu kilichoiweka amana ya Mungu bila kuipoteza tangu zamani za nyota. Ametukuka aliyeandika subira hata ndani ya jiwe, akampa mwanadamu akili ya kuipima. Mtoto wa mkoa wetu wa Tshopo anayelipiwa shule kwa pesa ya koltani anastahili kufundishwa haya kabla ya kufundishwa bei ya kilo.