Filipo Alipanda Akaketi Naye



Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, twasoma habari za towashi wa Kushi, mtunza hazina wa malkia. Alikuwa garini mwake, chuo cha nabii Isaya mkononi, akisoma asielewe. Filipo alipomwuliza kama ayafahamu ayasomayo, mtu yule mkubwa hakuona haya kukiri kwamba ahitaji mtu wa kumwongoza. Filipo akapanda, akaketi naye. Hatusomi kwamba alimnyang'anya chuo chake.

Sisi wazee wa Ikoma twamwelewa sana towashi huyu. Watoto wetu walioko Musoma na Mwanza wametununulia simu zenye intaneti, ili tuone nyuso za wajukuu. Simu tunazo, kuzitumia ndiyo kazi. Tukimwomba kijana atuoneshe, huichukua, hubonyeza upesi upesi, kisha huturudishia: "Tayari, babu." Kweli jambo limekwisha, lakini sisi hatukujifunza neno. Kesho twarudi kuomba tena. Na baya zaidi, wengine wetu tumezoea kumtajia kila msaidizi namba ya siri, kana kwamba twampa mpita njia ufunguo wa ghala.

Tumewahi kuliona jambo kama hili. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Katika miaka iliyofuata, sisi tukiwa watoto, tuliwaona mama zetu wakishika kalamu kwa mara ya kwanza. Wengi wa waliowafundisha walikuwa vijana waliomaliza shule ya msingi. Vijana wale hawakuridhika kuwaandikia barua tu, waliwafundisha kuandika. Tangu hapo mama aliisoma barua ya mwanawe mwenyewe, na siri za nyumba yake zikabaki nyumbani.

Basi twawashukuru ninyi vijana mnaojitolea kukaa na wazee baada ya ibada. Ombi letu ni hili: simu ibaki mkononi mwa mzee. Yeye abonyeze, akosee, arudie. Namba yake ya siri msiiulize. Hata akitaka kuwatajia, mkataeni. Mwonyeni kwamba ujumbe usemao "ile hela tuma kwenye namba hii" ni wa matapeli. Asitume kitu kabla hajampigia mwanawe kwa namba anayoijua.

Nasi wazee tuache kiburi. Sisi tulioshika chaki miaka mingi twaona vigumu kufundishwa na wale tuliowafundisha a, e, i, o, u. Lakini towashi alikuwa na cheo kutuzidi, naye aliomba.

Tena angalieni mwisho wa habari ile. Filipo aliondolewa, towashi asimwone tena, lakini safari yake haikukatika. Aliendelea nayo kwa furaha. Msaada mwema ndio huo: unamwacha mtu aweze kwenda mwenyewe.

Bwana atujalie moyo wa kufundisha na moyo wa kufundishwa. Amina.