Muda wa Kushindilia

Babu yangu alikuwa na gobore. Kwa wasiolijua, ni bunduki inayojazwa kupitia mdomo wa mtutu. Unamimina baruti, unasokomeza tambara, unatia risasi, unashindilia kwa ufito, kisha unavisha fataki kwenye kichuchu kilicho chini ya nyundo. (Ndiyo, fataki. Kabla neno hilo halijawa jina la mzee anayewinda mabinti wa shule, lilikuwa kikofia cha shaba chenye kemikali inayolipuka ikigongwa.) Mchana kazi hiyo ilimchukua babu kama dakika moja. Usiku, zaidi.

Usiku mmoja alisikia mahindi yakivunjwa shambani, akajua ni nguruwe pori. Akapiga. Akakosa. Alikuwa bado anashindilia aliposikia sauti ikilia gizani: "Mzee, ni mimi!" Kijana wa jirani, gunia begani. Kijijini kwetu kisa hiki ni cha kuchekesha, nami nilikicheka miaka yote. Mwaka huu, nikiwa katika shahada ya uzamili ya falsafa, tukapewa swali la insha: anayeunda chombo anabeba nini katika yale yanayotendwa nacho? Nikamchagua Samuel Colt, na tangu hapo sijaweza kucheka tena.

Mwaka 1830, akiwa na miaka 16, Colt alipanda meli kwenda Calcutta kama baharia. Kwa maelezo yake, ni safarini humo alikochonga kwa mti mfano wa bastola aliyoiwaza. Aliporudi Marekani alizunguka mijini akiwavutisha watu gesi ya kuchekesha kwa kiingilio, akijiita Dokta Coult, ili apate fedha za kuwalipa mafundi. Februari 1836 akapata hataza, na kiwanda kikafunguliwa Paterson, New Jersey.

Bastola ile ya Paterson ilikuwa na silinda yenye matundu matano, kila tundu na baruti yake, risasi yake na fataki yake. Ukivuta nyundo nyuma kwa kidole gumba, silinda inazunguka tundu moja na komeo linaikaza mbele ya mtutu. Kinachonishangaza ni triga. Ilifichwa ndani ya fremu, haionekani, mpaka nyundo ivutwe ndipo inashuka chini kukutana na kidole. Nusura niione kama adabu, kana kwamba chombo kinakuuliza kwanza. Lakini kinauliza upesi mno. Na baada ya risasi ya tano kungoja kunarudi, kukubwa kuliko kwa gobore, kwa sababu zile za mwanzo ililazimu uzifungue vipande ndipo uzijaze. Colt hakuufuta muda wa kushindilia. Aliusukuma nyuma ya risasi ya tano.

Si yeye aliyeanza. Mchungaji Alexander Forsyth wa Scotland alikerwa na ndege waliouona mwako wa gumegume wakaruka kabla risasi haijawafikia. Akabuni njia ya kuwasha baruti kwa kugonga kemikali, akapata hataza mwaka 1807, na kutokana na wazo hilo fataki ikaja baadaye. Mchungaji aliwapokonya ndege kufumba na kufumbua. Colt akawapokonya watu dakika nzima.

Watu gani? Hapo ndipo insha yangu ilipokwama. Kampuni ya Paterson ilikufa mwaka 1842, lakini bastola 180 zilikuwa zimenunuliwa mwaka 1839 kwa ajili ya jeshi la majini la Texas, na baadhi zikaishia kwa askari wapanda farasi wa John Coffee Hays. Wacomanche walizoea kungoja bunduki za Texas ziishe risasi, kisha kuvamia kwa mishale na mikuki wakati wa kushindilia. Juni 1844, penye kijito cha Walker's Creek, walivamia watu wa Hays, kama 15 hivi, na bunduki hazikuisha. Dakika ile ndiyo iliyokuwa silaha yao, ya watu waliokuwa wakinyang'anywa nchi. Kwa askari wa Hays dakika hiyohiyo ilikuwa kifo. Kwa hiyo siwezi kuandika kwamba muda wa kushindilia ni wema.

Mwaka 1847 Samuel Walker, aliyechomwa mkuki siku ile akapona, alishirikiana na Colt kuunda bastola kubwa ya risasi sita, na serikali ikaagiza 1,000. Kwenye silinda yake walichora askari wakipigana na Wacomanche. Kila ukivuta nyundo, picha inazunguka.

Darasani wengi walisema silaha haichagui, mtu ndiye anayechagua. Sawa. Ila mtu huchagua ndani ya nafasi aliyopewa, na ukubwa wa nafasi hiyo uliamuliwa na fundi, mezani, mchana, bila hasira. Hilo naamini Colt analibeba.

Nilimpigia bibi simu nikamuuliza kama babu angeacha, angekuwa nazo risasi tano.

"Aache? Babu yako yule? Angezimaliza zote, mjukuu wangu. Umekula?"

Kijana wa gunia ana mvi sasa. Babu alipofariki, yeye ndiye aliyekuja wa kwanza na jembe kuchimba kaburi.