Feni Namba Nne

Gari la marehemu baba ni Corolla ya mwaka 1998, na kwa muda mrefu feni yake ilijua namba moja tu: ya nne. Ukiweka moja, mbili au tatu, kimya. Ukifika nne, kelele kama mashine ya kusaga. Mwanza nani anahitaji hita? Lakini mvua ya Novemba ikishuka, kioo cha mbele kinajaa ukungu, na bila feni huioni hata bodaboda iliyo mita chache mbele yako.

Mama alipoamua tuliuze ili nimalizie ada ya uzamili, nililipeleka gereji. Fundi alishusha kabati dogo la dashibodi upande wa abiria, akafungua skrubu mbili, akachomoa kitu kinacholingana na kiberiti, chenye nyaya zilizojikunja kama springi.

"Rizista hii, dada."

Akanieleza. Kwenye namba ndogo, umeme wa feni hupitia kwanza kwenye nyaya hizo, unapungua, feni inazunguka taratibu. Namba nne haipiti hapo, umeme unakwenda moja kwa moja, ndiyo maana nne haikufa. Pamoja na nyaya hizo kuna kifyuzi cha joto. Zikipata moto kupita kiasi, kinakatika na umeme unakoma. Cha kwetu kilikuwa kimekatika.

"Ya mtumba elfu thelathini. Au niiruke fyuzi kwa waya, unipe elfu tano."

"Itafanya kazi?"

"Itafanya. Ila ikipata moto, hakuna wa kuizuia."

Nilizisikia sentensi zote mbili. Nikalipa elfu tano.

Jumamosi akaja mnunuzi, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Sengerema, mtu wa makamo, mpole. Alikagua matairi, akasikiliza injini, akaketi na kuzungusha kitufe: moja, mbili, tatu, nne.

"Feni nayo nzima, binti?"

"Ndiyo, Mwalimu. Inafanya kazi."

Kila neno hapo lilikuwa kweli. Akalipa, akaondoka.

Mimi nasoma maadili. Muhula uliopita niliandika insha kuhusu kitabu cha tatu cha De Officiis, alichokiandika Cicero mwaka 44 kabla ya Kristo. Anauliza: mtu anauza nyumba yenye kasoro anazozijua yeye peke yake, je, lazima aziseme? Anawapambanisha Wastoa wawili. Diogenes wa Babeli anatetea muuzaji: kunyamaza si sawa na kuficha, na mnunuzi ana macho yake. Antipater, mwanafunzi wake, anakataa: kumwacha mtu aingie kwenye hasara huku unaiona ni kama kumwona aliyepotea njia usimwelekeze. Nilimuunga mkono Antipater kwa kurasa kumi na mbili, nikapata alama nzuri. Kumbe nilikuwa namuunga mkono kwa sababu sikuwa na cha kuuza.

Wahenga wetu walilisema kwa ufupi: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini methali hiyo haina neno kuhusu kibaya kilichofungwa waya kikafanana na kizuri. Macho ya mwalimu yangeona nini nyuma ya kabati la dashibodi? Utetezi wa Diogenes unahitaji kasoro inayoweza kuonekana. Mimi nilikuwa nimelipia isionekane.

Sisi wa kandokando ya ziwa tunajua bei ya kuruka kikomo. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliokufa ni zaidi ya 200. Kifyuzi cha feni ni kitu kidogo mno mbele ya msiba ule, lakini kazi yake ni ileile ya namba ya abiria wanaoruhusiwa: kusema basi, hapa mwisho. Na kila anayekiruka huona siku ya kwanza kwamba hakuna kilichotokea.

Jumanne usiku nilimpigia mwalimu. Nikamweleza yote. Alikaa kimya, kisha akasema, "Mke wangu amekwenda nalo Geita na watoto. Kwa nini unaniambia sasa?"

Sikuwa na jibu. Kabla ya pesa, ukweli wangu ungemsaidia kuamua. Baada ya pesa, ulikuwa unamnyima usingizi tu, huku mimi nikianza kuupata wangu.

"Mwambie atumie namba nne peke yake," nikasema. "Ile haipiti kwenye rizista."

Walirudi salama. Alhamisi nilinunua rizista ya elfu thelathini, nikapanda basi, nikavuka daraja la Kigongo hadi Busisi, kilomita tatu juu ya maji ambayo zamani tulisubiri kivuko kuyavuka. Fundi wa Sengerema hakuifunga mara moja. Aliuliza kwanza kwa nini ile ya zamani iliungua, akashusha feni yenyewe. Ndani kulikuwa na majani makavu ya mwembe, konzi nzima. Baba aliliegesha gari chini ya mwembe wetu miaka yote. Mota ilikuwa inahangaika na upepo haupiti vizuri, rizista inakosa wa kuipoza. Kifyuzi kilikatika kwa haki. Kilikuwa kinatuambia kitu, nasi tukakinyamazisha kwa elfu tano.

Mwalimu alijaribu namba zote nne. Hakunishukuru, na sikutegemea.

"Mama yako alijua?" akauliza.

"Hapana. Nilijua mimi."

Akaitikia kwa kichwa, akazima feni.